Viraka Viwili Kando ya Dirisha

Ko, ko, ko.

Mwanangu, nasaha zangu zote zinaanzia kwenye sauti hiyo, na mpaka leo naisikia kama iligongwa jana. Haikuwa sauti ya mlango. Vilikuwa vifundo vya vidole vya mwanamke mzee vikigonga ukuta, tena ukuta wa ndani, wa chumba changu cha kulala, nami nimekaa kitandani namtazama. Kwa sekunde chache nilidhani masikio yananichezea, maana mimi nabangua korosho, na mtu wa kubangua korosho hushinda na ko, ko, ko ya kijiti juu ya jiwe hadi inamfuata usingizini. Lakini hii ilikuwa nzito zaidi, na baada yake ikaja sauti ya mtu.

"Hodi, mwenye chumba!"

Akagonga tena.

"Hodi! Mwenye chumba hayupo?"

Nikatazama mlangoni, nikatazama dirishani. "Somo," nikasema, "si mimi hapa?"

"Wewe nakuona," akasema bila kugeuka. "Wewe umekuja kutembea tu, kama mimi. Nambishia hodi mwenyewe."

Kabla sijaendelea, nikikuita mwanangu usicheke. Najua umri wangu haujafika wa kukuita hivyo. Mvi sina, magoti hayaniumi, na mpaka leo nikiona wingu lenye sura ya kitu namwita jirani atoke nje aje alione, hata kama ana mboga jikoni. Shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini aliyegonga ukuta ule ametangulia mbele ya haki, na wenzake waliokuwa wakikaa na mwali mkekani kumfunda, wengine wamemfuata, wengine wamechukuliwa na watoto wao mbali. Juzi jirani yangu wa nyumba ya pili kaja kuniambia binti yake anaolewa, na hana mtu wa kukaa naye. Akanitazama. Nikageuka nione anamtazama nani nyuma yangu. Hapakuwa na mtu, palikuwa na kuku. Ndipo nikajua zamu imenifika. Wazee wamekwisha mtaani kwetu, na nilichonacho cha kukupa ni hiki kimoja. Kikae hapa, akisome binti wa jirani, ukisome na wewe.

Huyo mzee alikuwa Bi Esha, somo yangu. Yeye ndiye aliyekaa nami nilipokuwa mwali, akanifunza yale ambayo mama hawezi kumwambia mwanawe wa kumzaa. Alikuwa mtu wa Nanyamba, mfupi, mweusi sana, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka shamba la pili. Mwali akishaolewa, somo haachi kuwa somo. Atakuja siku yoyote anayotaka, atakaa anapotaka, na akiuliza kitu unajibu.

Na nyumba hii ninayoandikia ni nyumba ya bibi yangu mzaa mama, hapa Magomeni ya kwetu kusini, jirani na Mikindani. Yeye aliijenga tofali kwa tofali kwa fedha ya korosho, na alipoondoka duniani akaiacha kwa mama, na mama hakutaka mambo ya mjini, akarudi kwenye mikorosho yake, akaniachia mimi. Nilipoolewa na Swalehe, Swalehe alihamia hapa. Alikuja na begi la nguo na sanduku la spana, maana yeye ni fundi wa magari makubwa. Tulikaa pamoja wiki chache tu, wiki za kucheka. Nilikuwa namsimulia ndoto zangu asubuhi, na yeye anaziongezea mwisho wake mwenyewe. Kisha akapata kazi Tunduma kule mpakani, ambako malori hayaishi na hayaachi kuharibika. Siku ya kuondoka alisimama katikati ya chumba chetu, akazungusha macho.

"Hiki chumba tukipake rangi," akasema.

"Rangi gani?"

"Tutazungumza."

Basi tukazungumza, mwanangu. Tulizungumza rangi tangu mvua za masika hadi mabibo yakaanza kuanguka chini ya mikorosho.

Yeye alitaka bluu. Mimi nilitaka njano. Si njano ya kupiga kelele, ile ya ndoo. Njano ya bibo lililoiva vizuri, ambayo ndani yake ukitazama sana unaona wekundu umejificha. Na bluu yake ilikuwa ile iliyopauka kidogo, ya maji ya asubuhi. Nikanunua kopo dogo la kila rangi, nikaondoa vumbi ukutani, nikapaka viraka viwili kando ya dirisha: upande wa kushoto bluu, upande wa kulia njano, kila kimoja ukubwa wa sinia. Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati. Nikatabasamu kama mtu aliyejenga ghorofa.

Ngoja nikuambie jambo kuhusu rangi ambalo dukani hawakuambii. Rangi ya ukutani haikai ilivyo. Inatembea na siku. Asubuhi jua linapoingia, njano yangu ilikuwa kama samli inayoyeyuka kwenye kikaango, na ukipita mbele yake hata mkono wako unaonekana wa mtu aliyelala vizuri. Bluu saa hiyo ilikuwa baridi, imejikunyata, kama mtoto aliyeogeshwa na maji ya kisimani. Lakini mchana, bati linapoanza kulia kwa joto juu ya kichwa, mambo yaligeuka. Njano ilinichosha. Ilikuwa kama mtu anayeongea sana na wewe una homa. Hapo bluu ndiyo ilikuwa rafiki. Ukiitulizia macho unahisi upepo ambao haupo, na chumba kinaonekana kimesogeza ukuta wake nyuma hatua nzima. Jioni zikabadilishana tena. Bluu iliingia kiza mapema, ikawa kama jivu, na ikakifanya chumba kiwe kikubwa kupita mtu mmoja. Njano ilibaki na mwanga wake hadi mwisho, hata jua lilipokwisha kushuka.

Nilijaribu hata uso wangu. Nilichukua kioo, nikakaa chini ya kila kiraka. Penye njano nilikuwa bi harusi. Penye bluu nilikuwa mtu anayesubiri kuitwa jina hospitali. Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana kicheko cha mtu mmoja chumbani kinarudi haraka sana.

Nikavipiga picha viraka, nikamtumia Swalehe.

"Hiyo nyeupe ndiyo ipi?" akauliza.

"Hakuna nyeupe. Hiyo ni njano."

"Na hiyo ya saruji?"

"Swalehe! Hiyo ndiyo bluu yako!"

"Basi simu yako ipelekwe ikapimwe macho."

Tulicheka sana siku ile. Nikalala na kicheko chake sikioni. Lakini sasa sikiliza namna simu zetu zilivyokuwa siku nyingine, maana hapa ndipo penye ugonjwa.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Kimya.

"Kazi?"

"Ipo tu. Korosho?"

"Zipo tu."

Kimya tena, kirefu, nasikia nyundo zikilia nyuma yake na mtu akimwita mwenzake kwa lugha nisiyoijua. Naona ile simu inataka kufa mkononi mwangu kama samaki aliyetolewa majini. Ndipo naikimbilia rangi. "Unajua leo bluu ilikuwaje asubuhi?" Na yeye naye anapumua, nasikia anapumua, anasema, "Ee, niambie." Hapo tunapona. Tunakwenda na bluu, tunarudi na njano, yeye anasema labda ukuta mmoja hivi na mwingine hivi, mimi nasema hapana chumba si bendera, yeye anacheka, tunaagana vizuri. Nikiweka simu chini navitazama viraka vyangu viwili kwa upendo. Nilivipenda kama watu.

Naam. Sikupaka. Wiki zikapita, wenzangu niliofundwa nao waliona viraka wakasema vizuri, kisha wakaona vilevile mwezi mwingine, wakaacha kusema. Buibui alitandaza nyumba yake kutoka bluu hadi njano, nikamwachia, nikasema angalau yeye ameamua kukaa pote. Usiku nilikuwa nalala ukingoni mwa kitanda, ubavu ukigusa ukuta, nafasi yote iliyobaki nimemwekea Swalehe na mto wake umenyooshwa, wangu nimeusukuma pembeni kabisa. Watu wakiniuliza, "Mbona hujapaka?" nasema, "Namsubiri mwenzangu aamue." Lilikuwa jibu zuri. Kila mtu aliliheshimu.

Kila mtu isipokuwa Bi Esha.

Alikuja siku hiyo na mihogo ndani ya kikapu, mihogo ya shambani kwake yenye udongo mwekundu bado. Nikamwamkia, shikamoo somo, akaitikia marahaba huku amekwisha kunipita. Nikamtandikia mkeka sebuleni, hakukaa. Akaingia moja kwa moja chumbani. Akasimama mbele ya dirisha, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akatazama bluu, akatazama njano, akamtazama buibui. Nikakaa kitandani nikaanza kueleza: njano ya asubuhi hivi, bluu ya mchana hivi, Swalehe kasema hivi. Nilieleza vizuri sana. Ndipo akanyoosha mkono akagonga: ko, ko, ko.

Nimeshakuambia alichosema.

Aliponiona nimeduwaa ndipo akaja akakaa karibu yangu, akapanga khanga yake magotini.

"Nyumba hii ya nani?"

"Ya bibi."

"Bibi yako alimwuliza nani alipoijenga?"

"Sijui, somo."

"Hakumwuliza mtu. Nilikuwepo. Hebu nisikilize. Kwetu shambani, ukuta ni wa mwanamke. Tulikuwa tunakwenda wenyewe kuchimba udongo mwekundu, tunakwenda kutafuta ule mweupe, tunakanda kwa mikono, chini tunapaka mwekundu, juu mweupe, na wenye ufundi wanachora na maua. Ikikaribia Idi au harusi, wasichana wote mikono myekundu hadi viwiko. Mume unajua alikuwa anakuja na nini? Nguo zake na jembe lake. Anasimama mlangoni, anasafisha koo, anauliza, 'Mama, nilale upande gani?'"

Aliigiza sauti ya huyo mume, nyembamba, ya adabu, nikaangua kicheko.

"Ndiyo! 'Nilale upande gani?' Anaonyeshwa, analala. Sasa wewe, mjukuu wa yule mwanamke, unampigia simu fundi wa malori aliye Tunduma, umwulize rangi ya ukuta wa bibi yako! Na yeye maskini na grisi zake mikononi, atajuaje?"

"Lakini ni mume wangu, somo. Ni heshima."

"Heshima ni kumwambia. Hili lako si heshima." Akanigeuzia uso. Macho yake yalikuwa yameanza kupata utando, lakini yalinipata sawasawa. "Haya, niambie kweli. Ukipaka leo, kesho akipiga simu utamwambia nini?"

Mwanangu, mtu akikupiga kofi unajua pa kushika. Swali lile sikujua linaniuma wapi. Nilifungua mdomo nikasema, "Nitamwambia..." Nikakoma. Nikatafuta. Nitamwambia nimekula. Atasema amekula. Korosho zipo tu, kazi ipo tu. Halafu? Nikaviona viraka vyangu viwili kando ya dirisha, nikaona kwamba ndoa yangu yote ilikuwa imening'inia pale, imebandikwa kwa rangi ya maji, na kama ningeufunika ukuta kwa rangi moja, huenda tungekuta nyuma yake hatuna chochote. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa miezi yote hiyo. Rangi sikuiogopa hata siku moja.

Nililia. Bi Esha hakunikataza kulia. Hakuwa mtu wa kufuta machozi ya watu haraka. Alimenya muhogo kwa kisu chake kidogo alichokuwa akitembea nacho, akakata kipande, akanipa nitafune mbichi.

"Mmekuwa mnaongea rangi," akasema pole pole, "kwa sababu mnaogopa kuongea nyinyi. Paka ukuta wako. Kisha mpigie, umwambie unachotaka kumwambia. Akikaa kimya, mwache akae kimya. Kimya hakijaua mtu."

"Na kama hana la kusema?"

"Basi ujue sasa, ungali kijana, ukiwa ndani ya chumba kizuri."

Alisema hivyo kama mtu anayesema funga dirisha mvua inakuja. Kisha akala muhogo wake wote, akasali adhuhuri kwangu, akaondoka. Mlangoni akageuka. "Na huyo buibui umtoe. Umemfuga kama mbuzi."

Sikupaka kwanza. Katika hilo nilimwasi somo yangu kidogo. Niliona nikipaka kabla ya kusema, nitampigia nianze tena kusema rangi. Nikampigia jioni ile ile, saa za kutoka kazini.

"Umekula?" akauliza.

"Swalehe, leo sitaki kuzungumza rangi."

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Niko peke yangu tu." Nikasikia sauti yangu ilivyo ndogo. "Niko peke yangu sana. Nalala ukingoni mwa kitanda kama nimekiazima. Nilitaka ujue hivyo tu."

Kikaja kile kimya. Rangi ikanijia ulimini, nikaimeza. Nilikiacha kimya kikae. Nikasikia nyundo. Nikasikia nyundo zinaacha. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa, na kelele zote zikabaki nje, na nikajua ameingia ndani ya lori la watu akajifungia humo.

"Huku kuna baridi, Mwanahawa," akasema.

"Hujawahi kuniambia."

"Asubuhi nikishika spana inaniuma vidole. Nimenunua soksi za mpira, zile ndefu za wachezaji. Za bluu na nyeupe, ungeniona ungekufa kwa kucheka." Hakucheka. "Na watu huku wazuri, sisemi vibaya, lakini wakizungumza wao kwa wao sielewi hata salamu. Nikirudi chumbani siongei na mtu hadi unipigie. Halafu ukinipigia nakuwa nimesahau namna ya kuongea."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza rangi, nikakujibu rangi."

Hapo ndipo nikauliza kitu ambacho miezi yote ile sikuwahi kukiuliza. "Kwa nini bluu?"

"Hapa ukitazama mbali unaona kilima na vumbi la malori. Mimi nimezoea nikitazama mbali nione maji. Nikifumba macho naona pale barabara inapoteremkia Mikindani, unapokata kona ghuba yote inakujia kwa mara moja. Basi nikasema angalau chumbani kwangu iwe hivyo. Ujinga tu. Wewe unaiona bahari kila siku, sikujua hata nikuelezeje. Na njano wewe ya nini?"

"Ya taa," nikasema. "Jioni nikiingia, pale penye njano panakuwa kama kuna mtu ametangulia kuwasha taa."

Akavuta pumzi. Nilidhani analia, na labda alilia, lakini mwanaume wa watu tumwachie.

"Paka njano," akasema. "Bahari nitaiona nikija."

"Utakuja lini?"

"Sijui. Sitaki kukudanganya."

Tukaagana. Haikuwa simu nzuri kama zile za rangi. Hatukucheka hata mara moja mwisho wake. Lakini nilipoweka simu chini, nilikuwa na mume. Alikuwa mbali, ana baridi, hajui atakuja lini, amevaa soksi za mpira. Kabla ya hapo sikuwa namjua huyo.

Kesho yake nikamtoa buibui kwa ufagio, nikamwomba radhi. Nikaazima ngazi, nikafunga kichwa, nikapaka. Nilianzia mbali na dirisha, kwa woga, nikasogea pole pole. Nilipofika kwenye kiraka cha bluu nikasimama nimeshika brashi kwa muda. Nikakipitia. Unajua kilifanya nini? Njano juu ya bluu ikawa kijani, kijani cha majani machanga ya mkorosho. Ukuta mzima njano, na pale kando ya dirisha sinia la kijani linanitazama. Nikasubiri kikauke, nikapiga mkono wa pili wa rangi. Kikafifia. Nikapiga wa tatu pale pale. Leo ukiingia huwezi kukiona, ila mimi najua kilipo, na saa za mchana kuna namna ya mwanga inayokionyesha kidogo sana, kama mtu aliyepita.

Alikuja, usihofu. Alikuja sikukuu ya Idi. Alisimama mlangoni mwa chumba na begi lake, akatazama kuta, akatazama kitanda, hakuingia. Akasafisha koo, akauliza, "Mke wangu, nilale upande gani?"

Wallahi sikuwahi kumsimulia maneno ya Bi Esha. Yalimtoka mwenyewe. Nilicheka hadi nikakaa chini sakafuni, yeye kasimama na begi hajui amefanya kosa gani, na kila akiuliza "Nini? Nimesema nini?" nazidi kucheka. Bi Esha alikuwa angali hai. Nilikwenda kumsimulia, akasema tu, "Si nilikuambia," akaendelea kupepeta mchele.

Baada ya siku za Idi akarudi Tunduma. Bado yuko huko. Anakuja, anaondoka. Sitakudanganya kwamba upweke ulikwisha kwa sababu nilipaka ukuta. Kuna jioni nambangulia tajiri korosho zake, natazama juu ili nimwambie mtu jambo, na hakuna mtu. Ila simu zetu zimebadilika. Siku nyingine zinakuwa fupi, siku nyingine tunakaa kimya nusu yake, yeye anasikia kijiti changu kikigonga jiwe, mimi nasikia nyundo zake. Kimya kile hakinitishi tena. Ni cha watu wawili.

Sasa nisikie, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuleta tangu mwanzo.

Chumba unachokaa, kikae wewe. Usikiache ukuta wako na viraka ukisema unamngoja mtu aamue, maana siku zinazopita ni zako, na wewe ndiye unayeamka humo asubuhi. Anayekuja atakuja akute nyumba ina mwenyewe. Hata yeye atapumzika vizuri zaidi. Na mtu unayempenda akikuambia anataka bluu, usikimbilie kumwambia uzuri wa njano. Mwulize bluu hiyo anaitaka ya nini. Huenda anakuambia ana baridi. Na wewe ukiwa mpweke usiseme rangi, usiseme bei ya sukari, usiseme umekula. Sema niko mpweke. Litakuwa neno dogo na litakutetemesha, na baada yake pengine patakuja kimya kibaya. Kivumilie kidogo. Mimi nilikaa miezi nikikikimbia, na yule niliyemtaka alikuwa amekaa ndani yake ananingoja.

Mungu akupe nyumba yenye dirisha linalotazama mashariki, mwanangu. Akupe mikono isiyoogopa brashi na mdomo usioogopa kweli. Akupe wa kukubishia hodi na wa kukuitikia, na siku ambayo hakuna, akupe moyo wa kutojiona mgeni kwako. Na somo yangu aliyenigongea ukuta, Mungu amwangazie kaburi lake kwa mwanga ulio mzuri kuliko rangi zote. Amina.

Kimebaki kitu kimoja sijakuambia. Siku ile niliyopaka, mkono wa mwisho ulipokauka, ilikuwa kama saa za alasiri. Madirisha yote wazi, harufu ya rangi inanilevya, mgongo umekatika, mikono ya njano hadi viwiko. Nikatandika shuka safi. Nikasimama nikikitazama kitanda, kile kikubwa cha bibi, na mito yake miwili, mmoja umenyooshwa vizuri, mwingine umebanwa kule ukingoni ukutani.

Nikauchukua mto wangu, nikaupigapiga vumbi, nikauweka katikati, nikalala.